Njia ya bodi imeungua: niunge kwa waya gani?

Swali: Mimi ni fundi hapa Wote, Makueni. Wateja huniletea kontrola za sola hata kutoka ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui. Njia ya shaba ikiungua, huiunga kwa uzi mmoja wa kebo ya chaja ya simu. Haidumu. Nitumie waya gani?

Jibu: Fundi, pima kwanza umeme unaopita hapo. Shaba ya bodi nyingi ina unene wa mikroni 35 tu, hivyo njia yenye upana wa milimita 1 inatoshana na waya wa kipenyo cha milimita 0.2. Kwa redio, waya huo wenye vanishi, unaotolewa kwenye transfoma mbovu, unafaa. Kwangua vanishi nchani, la sivyo lehemu haitashika.

Kontrola ya ampea 10 ni habari nyingine. Tumia shaba ya milimita 1.5 za mraba, ile ya taa za nyumbani, ulehemu kutoka kituo hadi kituo. Dukani ukwangue kwanza: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Iache.

Halafu kaza skrubu za betri. Iliyolegea ndiyo huunguza njia mara nyingi, na itaunguza hata waya wako mpya.