Mahali pa Kuzama na Chombo cha Kungoja: Somo kwa Manahodha wa Mafia

Nahodha aliyezoea kuwapeleka wageni kutazama matumbawe katika Ghuba ya Chole anaweza kudhani kuwa mafunzo ya upigaji mbizi wa kina kirefu ni kazi ile ile, ila mitungi imezidi. Sivyo. Mpiga mbizi wa matembezi, ambaye kikomo chake ni mita 40, akipatwa na jambo huweza kupanda taratibu moja kwa moja hadi juu. Anayejifunza kuvuka kikomo hicho hana nafasi hiyo. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Katika mita 45 mwili hubeba mara tano na nusu, na naitrojeni huingia katika damu na nyama. Akipanda ghafla, gesi hiyo hutoa mapovu mwilini mithili ya soda iliyofunguliwa, nayo huweza kumpoozesha au kumuua. Kwa hiyo hulazimika kusimama njiani kwa vituo, pengine nusu saa au zaidi, kabla ya kuliona tena jua.

Nusu saa hiyo ndiyo inayoamua mahali na chombo. Mkondo wa maili mbili za baharini kwa saa, ambao si wa ajabu katika milango ya bahari, humchukua mtu maili nzima kwa muda huo. Nahodha aliyetia nanga pale alipowashusha watu atabaki akitazama maji matupu.

Mlango wa Kinasi unafundisha vizuri jambo hili. Maji yakijaa, mkondo humsukuma mpiga mbizi ndani ya ghuba. Yakipwa, humtoa kuelekea bahari kuu. Ndiyo maana wenye busara huzama hapo maji yakiwa yanajaa, karibu na kusimama kwake, na huchagua siku za maji mafu kuliko za bamvua. Upande wa nje ya ghuba huchafuliwa na kusi. Masomo ya huko hungoja maleleji na kaskazi tulivu.

Somo la kwanza wala halihitaji kilindi. Mchanga tambarare wa mita 6 hadi 10 unatosha kwa mazoezi ya kubadilisha mitungi na kutulia bila kupanda wala kushuka. Utulivu huo si pambo: oksijeni tupu, inayotumika katika vituo vya mwisho, haivutwi chini ya mita 6, kwa kuwa hapo hugeuka sumu na kuleta degedege. Baadaye hutafutwa mteremko ambao chini yake kuna sakafu. Ukuta unaotumbukia gizani haumfai mwanafunzi, maana akikosea hakuna kitakachomzuia. Mahali pa namna hiyo wavuvi wa mshipi wanapajua kwa bildi kabla ya mtu yeyote kuja na ramani. Waulizwe wao kwanza, pia ijulikane nyavu zao ziko wapi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ruhusa huombwa mapema na nanga haitupwi juu ya matumbawe.

Chombo, basi. Jahazi lina nafasi na halilewi sana, lakini hugeuka polepole. Boti ya faiba ni nyepesi kufuata, ila mitungi ikijaa hakuna pa kukanyaga. Panapowezekana, viende vyote viwili. Mwanafunzi hubeba mzigo unaoweza kuzidi kilo 40, hivyo ngazi imara inayoingia vyema majini ni ya lazima, na injini izimwe anapoikaribia. Wapiga mbizi wakiwa vituoni hupandisha boya la rangi kali lililofungwa kamba. Nahodha hulifuata boya hilo bila kulikaribia mno, na baharia mmoja hana kazi nyingine ila kulitazama. Chombo kiwe kimekaguliwa na kusajiliwa, chenye redio, maboya ya kuokolea, mafuta ya ziada na oksijeni ya huduma ya kwanza. Kabla ya kung'oa nanga, ijulikane chumba cha matibabu ya mgandamizo kilicho karibu kiko wapi, kinafanya kazi siku hiyo, na mgonjwa atafikishwaje.

Bei nayo ipatanwe kwa saa, si kwa safari. Anayelipwa kwa safari hutamani kurudi upesi, na kazi hii karibu yote ni kungoja.