Somo kwa Wanachama: Pomboo wa Kizimkazi na Mali ya Wote

Madhumuni: Kuwaonyesha wanachama kwamba mali isiyo ya mtu mmoja hudumu pale tu inapotumiwa kwa zamu na kwa masharti yanayoheshimiwa. Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili mkutanoni na kuongoza mjadala.

Wanachama wa Mamba huishi milimani, mbali na bahari. Hata hivyo, jambo lililotokea Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, linamhusu mkulima wa tangawizi sawasawa na linavyomhusu mvuvi.

1. Mnyama mwenyewe

Pomboo si samaki. Hunyonyesha mtoto wake, na sharti apande juu ya maji ili avute pumzi. Mimba yake huchukua muda wa mwaka mmoja. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Mbele ya Kizimkazi, katika Ghuba ya Menai, wako pomboo wa aina mbili. Hesabu ya wataalamu kati ya 1999 na 2002 ilionyesha kwamba aina iliyo nyingi zaidi haikufikia 200, na ile yenye nundu mgongoni haikufikia 100. Akipotea mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

2. Kutoka chambo hadi pato

Zamani wavuvi wa huko waliwawinda pomboo ili wapate chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama kwa mashua. Wanakijiji wakatambua kwamba pomboo aliyeuawa huleta fedha mara moja, bali aliye hai huleta fedha siku nyingi. Kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekoma, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikafanywa eneo la hifadhi. Hata hivyo, pomboo wengine waliendelea kufa kwa kunaswa katika majarife.

3. Hatari mpya

Kila nahodha hutaka wageni wake wawaone pomboo kwa karibu. Basi mashua nyingi hulizunguka kundi moja, na wageni hujitosa majini mbele yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mashua za watalii zilipowakaribia, pomboo walipumzika kidogo na kusafiri zaidi. Mnyama anayekimbizwa hukosa nguvu za kutafuta chakula na kulea.

Nahodha si lazima awe mtu mbaya. Akipunguza mwendo peke yake, mwenzake humpita, na wageni wake hunung'unika. Hivyo kila mmoja hufanya lile ambalo wote wangependa lisifanywe.

4. Masharti yafaayo

(a) Mashua iwakaribie pomboo polepole, kwa ubavu, wala isiwakatize mbele.
(b) Mashua chache tu ziwe karibu na kundi moja. Nyingine zingoje mbali.
(c) Pomboo wanaoondoka wasifuatwe.
(d) Majike wenye watoto waachwe.

Sharti la kungoja ndilo zito kuliko yote, kwa sababu anayengoja hudhani anapoteza. Litashikwa iwapo manahodha wote wamelikubali, na iwapo anayelivunja huwajibishwa na wenzake.

5. Fundisho kwa Upare

Wazee wa Upare walilijua jambo hili kwa njia ya ndiva. Maji hukusanywa bwawani usiku, kisha hufunguliwa kwa zamu. Asiyeshiriki kazi ya kusafisha mfereji hutozwa faini. Tofauti ni kwamba maji ya ndiva yakipungua, kila mtu huyaona siku ile ile. Pomboo hupungua kimyakimya, na anayesubiri dalili huchelewa. Jina jema la tangawizi ya chama nalo ni hivyo hivyo: mkulima mmoja akiuza tangawizi changa ili aiwahi bei, mnunuzi hulishuku gunia la kila mwanachama.

Maswali ya mjadala

1. Ni mali gani katika kijiji chenu hutumiwa na wote bila zamu?
2. Mwanachama anayetii sharti peke yake hupata hasara gani, na chama kimlindeje?
3. Ni nani anayepaswa kumwonya mvunja sharti: katibu, kamati, au wanachama wote?