Leseni ya Kwanza Isiwe Hatua ya Mwisho

Mitihani ya kidato cha nne inapomalizika, vijana wengi wa Uasin Gishu hujiunga na shule za udereva jijini Eldoret. Wakishafaulu na kupata leseni, baadhi yao hukabidhiwa gari la nyumbani siku hiyo hiyo. Hapo ndipo hatari huanza.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki haimpi mtu ruhusa yote kwa mara moja. Pikipiki ndogo kabisa ni miaka 16, gari dogo 18 na bodaboda 21. Anayejifunza hupata kwanza leseni ya muda kutoka NTSA, huendesha akiwa na mkufunzi, na gari huwekwa herufi L. Mwenye gari akimruhusu asiye na leseni aendeshe barabarani, naye ametenda kosa, hata kama ni mzazi wake.

Wengine wameongeza nini

Ngazi yetu hupimwa kwa aina ya gari. New Zealand, tangu 1987, imeongeza saa na abiria. Huko, dereva mpya haendeshi peke yake kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na kwa kawaida habebi abiria bila msimamizi mwenye uzoefu. Majimbo ya Marekani nayo yana taratibu za aina hii.

Sababu ni rahisi kuelewa. Dereva mgeni bado hajazoea kukadiria mwendo wa gari linalomjia, usiku humpunguzia uwezo wa kuona, na marafiki garini humchochea aongeze kasi. Mambo hayo matatu yakikutana, kosa dogo huwa ajali. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29.

Mpango wa nyumbani

Familia inaweza kujiwekea ngazi yake bila kungoja sheria mpya:

1. Mwanzo, aendeshe mchana tu katika barabara za mtaani, mtu mzima mwenye leseni akiwa kando yake.
2. Akizoea, aingie Uganda Road, penye malori, matatu, bodaboda na wanaovuka kwa miguu. Mjini asipite kilomita 50 kwa saa.
3. Baadaye, ajaribu barabara kuu ya kuelekea Burnt Forest na Timboroa, akiwa bado na mwenzi mzoefu, hasa wakati wa mvua na ukungu.
4. Usiku na kubeba marafiki viwe vya mwisho.

Katika kila hatua, wote wafunge mikanda na simu iwekwe mbali. Mzazi naye afanye vivyo hivyo, kwa maana kijana huiga anachokiona.

Maombi ya leseni ya muda hufanywa kupitia eCitizen.