Nailoni Si Mfuniko
Kijitabu cha elimu kwa mama lishe, baba lishe na kaya za Njombe na Makambako

Usifunike chakula kilicho jikoni kwa nailoni. Hata ukiishia hapa kusoma, hilo moja ondoka nalo.

Malalamiko yanayotufikia yanafanana: wali unanuka plastiki. Tukifika jikoni tunakuta kipande cha mfuko kimetandazwa juu ya sufuria na kubanwa kwa mfuniko, pembe zake zimejikunja kwa moto. Mpishi hujitetea kwamba anazuia mvuke. Tunamwelewa. Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Maharage yanachelewa kuiva na mkaa unateketea. Lakini kumwelewa si kumruhusu.

Plastiki huchanganywa na kemikali za kuilainisha, kuitia rangi na kuizuia isichakae. Nyingi hazikushikamana nayo sawasawa, na joto huziachia. Mvuke hupiga nailoni, hugeuka matone, na matone hayo hudondoka tena kwenye wali. Penye mafuta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kemikali kama fthaleti huyeyuka kwa urahisi kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Pilau na chipsi ndizo za kuogopewa kwanza.

“Mbona haijayeyuka?” Swali hili tumelichoka. Nailoni laini huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115, na ukingo wa sufuria iliyo juu ya mkaa hufika huko bila shida. Hata hivyo, kemikali hazingoji plastiki iyeyuke. Huanza kuhama mapema, na kadiri chakula kinavyokaa ndivyo zinavyozidi. Hazikuangushi leo. Fthaleti na bisifenoli A, kemikali nyingine ya plastiki, huvuruga homoni, na wanaohofiwa zaidi ni wajawazito na watoto. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bisifenoli A kwenye chupa za kunyonyeshea mwaka 2011. Aprili 2023 wataalamu wake wa usalama wa chakula wakashusha kiwango kinachovumilika mara 20,000. Sasa wewe na mfuko usiojua ulikotengenezwa, una uhakika gani?

Tunarudia: usifunike chakula kilicho jikoni kwa nailoni.

Nchi yetu ilifanya kazi ya kujivunia ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019. Kukutwa nayo ni faini isiyopungua shilingi 30,000. Vifungashio vya vyakula vya viwandani viliachwa kwa masharti, na masharti hayo afisa afya wa kata atakufafanulia. Ila ruhusa ile ni ya kufungashia. Ya kupikia haijawahi kuwepo.

Tumia mfuniko mzito unaoenea sufuria, au jani la mgomba lililooshwa. Wali palia makaa juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyofanya. Maharage yaloweke usiku kucha, utaokoa na mkaa.

Kwa wauzaji wa stendi ya Makambako: tunajua basi halisubiri. Lakini chipsi zikitoka kwenye mafuta zisiingie moja kwa moja kwenye mfuko; zichuje, zipoe kidogo, zifunge kwa karatasi safi isiyo na maandishi. Gazeti lina wino, nalo halifai. Makande ya moto yasiwekwe kwenye ndoo iliyowahi kubeba rangi ya nyumba, hata ukiisugua kwa mchanga. Na anayewashia mkaa kwa nailoni, kisha akachoma mahindi juu yake, naye anahusika.

Jioni ya leo, kabla ya kuinjika sufuria, toa nailoni jikoni. Afisa afya akikukuta nayo baada ya kusoma kijitabu hiki, usimwambie hukujua.