Kusafisha historia ya git bila kumliza mwenzio



Wengi wetu tunaandika programu za tasnifu, na tuseme kweli, historia zetu za git zinatia aibu: "rekebisha", "rekebisha tena", "sasa kweli". Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, ina amri za kuyasafisha hayo kabla msimamizi hajayaona.

Kwanza weka akiba: git branch akiba. Tazama ulipo: git log --oneline. Kama ni komiti ya mwisho tu, git commit --amend inatosha. Kama ni sita za mwisho, andika git rebase -i HEAD~6. Itafunguka orodha, ya zamani juu, kila mstari unaanza na pick. Badilisha neno hilo:

- reword: kubadili maelezo
- squash: kuiunganisha na iliyo juu yake, maelezo yote yabaki
- fixup: kuiunganisha, maelezo yake yatupwe
- drop: kuifuta

Hifadhi, funga. Ukivurugikiwa katikati, git rebase --abort inakurudisha ulipoanzia.

Sasa sikilizeni kosa langu. Komiti iliyosafishwa ni komiti mpya, yenye namba mpya, kwa hiyo seva huikataa mpaka uilazimishe. Mimi, zimebaki siku mbili tukabidhi kazi, nikalazimisha kwa git push --force. Kumbe usiku ule mwenzangu wa Pemba alishapeleka sehemu yake kwenye tawi lile lile! Asubuhi naye, kwa kuniamini, akaandika git reset --hard origin/main. Simu ikalia: "Kaka, kazi yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kilichotuokoa ni git reflog. Kwenye kompyuta yake komiti zilikuwa bado zipo. Tukaandika git branch okoa pamoja na namba ya komiti, zikarudi. Kwa kawaida git huziweka za namna hiyo siku 30. Lakini mistari ambayo hakuwa ameikomiti ilipotea moja kwa moja. Akaiandika upya, mimi nikachemsha chai.

Basi, tawi lako peke yako, safisha utakavyo. Tawi la wengi, ulizaneni kwanza, halafu tumia git push --force-with-lease: hiyo hukataa iwapo mwenzio ameshapeleka kitu ambacho kompyuta yako haijakipokea.

Jaribuni kwenye nakala, jamani, si kwenye tasnifu yenyewe.