MWALIMU NA AJIHISABU NAFSI YAKE

Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad. Mwaka 488 wa Hijra (1095) aliipima nia yake katika kusomesha, akaona yatafuta jaha na sifa, si radhi ya Mwenyezi Mungu. Akaiwacha kazi ile. Naye katika Ihyaa ametaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: sheikh mwenye kuona mbali, rafiki msema kweli, ndimi za maadui, na kujipima kwa aibu azionazo kwa watu.

Basi ewe mwalimu, mtoto asipofahamu usitangulize bakora. Jihisabu kwanza: nimemsomesha vipi? Kisha mwite mwenzio akusikilize usomeshapo, akwambie kweli. Wala usikasirike, akuonyeshaye najisi nguoni kabla ya sala hakukutukana, amekuokoa. Mwanafunzi hathubutu kukwambia, na hasara ni yake.