Kumlisha Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na mkao utokanao na kudhurika kwa ubongo mchanga, hauponi. Utapiamlo unaoambatana nao huzuilika. Utafiti wa Iganga na Mayuge, nchini Uganda, ulibaini takribani watoto 3 kati ya 1,000 wenye hali hiyo. Ufuatiliaji ulihusisha vifo vyao na utapiamlo. Funzo hilo lazihusu Mbeya na Iringa, ambako watoto wengi huanzishiwa uji. Alishwaye akiwa amelala chali hupaliwa, uji ukaingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Aketishwe, kichwa wima, kidevu kikiinama kidogo. Alishwe uji mzito kwa kijiko kidogo, pasipo haraka. Kliniki, mhudumu amtazame mlezi akilisha, ndipo ashauri.